Msaada Usiosikika

Upo udhuru mmoja ambao katika mambo ya Serikali na maskini hauchoki kutumika. Kila ionekanapo kwamba msaada uliotengwa kwa wenye njaa haukumfikia aliyestahili, husemwa, kabla ya jambo lingine lolote, kwamba wananchi wana uelewa mdogo. Afisa huutoa udhuru huu mkutanoni, mtafiti huuandika mwishoni mwa ripoti yake, na mwanafunzi wa uzamili huunakili katika tasnifu kana kwamba ni jambo lililokwisha kuthibitishwa zamani. Ni nadra kusikia swali ambalo lingepasa kuutangulia: huo uelewa uliopungua ni wa jambo gani, lililosemwa na nani, mahali gani, kwa maneno yapi? Mtu aliyenong'ona chumbani hana haki ya kuwashitaki waliokuwa uani kwa uziwi.

Insha hii yaupinga udhuru huo. Yadai kwamba katika msaada wa umma wajibu wa kujulisha ni wa mtoaji, si wa mpokeaji. Na kwamba msaada uliotangazwa kwa namna ambayo fukara hawezi kuusikia haujatolewa bado, hata kama fedha zake zimo katika hesabu na orodha yake imetiwa mihuri.

Mahali panapofaa kuipimia hoja hii ni Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria: majabali ya Mabatini na Igogo, ambako vyumba vya wapangaji vimejengwa juu ya mawe na katikati ya mawe, pwani za Igombe na Kayenze, ambako wanawake huanika dagaa wasio wao, visiwa vya Ukerewe, Ukara na Kome, na nyanda za Magu na Kwimba, ambako mvua zikikosa, watu hutazama akiba ya michembe na kuhesabu siku. Msaada wenyewe ni Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, unaoendeshwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ambao kila mtu huuita TASAF. Mfuko ulianza mwaka 2000. Mpango huu ulizinduliwa mwaka 2012, na kipindi chake cha pili kikazinduliwa mwezi Februari 2020. Si msaada wa magunia. Hutoa fedha, kwa kawaida mara moja katika kila miezi miwili, lakini sehemu kubwa ya fedha hizo huishia chunguni, na kwa hiyo ni msaada wa chakula hata kama jina lake ni jingine.

Kiasi chake si kikubwa, wala si cha kudharauliwa. Katika kipindi cha kwanza ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi. Kaya yenye watoto iliongezewa 4,000. Nyongeza nyingine zilifuata masharti ya kuwapeleka watoto kliniki na shuleni, hata jumla ya juu kabisa ikawa shilingi 38,000. Wenye nguvu walipewa pia kazi za muda, barabara na malambo, kwa ujira wa shilingi 2,300 kwa siku, siku zisizozidi 60 kwa mwaka. Kufikia mwaka 2015 kaya zaidi ya milioni moja zilikuwa zimeandikishwa nchini. Mtu wa haki hataliita jambo hilo kuwa bure. Kwa ajuza mwenye wajukuu, fedha hizo ni tofauti ya kula mara moja na kula mara mbili. Na kwa kuwa ndivyo zilivyo, yule aliyestahili kuzipata asizipate hakukosa semina, alikosa chakula.

Sasa na yatazamwe maneno ambayo msaada huo husafiri nayo.

Yafaa kuanza na walengwa. Kulenga ni kazi ya mwenye upinde au bunduki. Kinacholengwa ni ndege, paa au adui, nacho huwa salama kadiri kisivyoonekana. Katika karatasi za Mpango, mtu aliyepaswa kuitwa mwenye haki, au kwa uchache mpokeaji, ameitwa kwa jina la kitu kinachongoja kupigwa. Itajibiwa kwamba neno limekwisha kuzoeleka na kwamba maana hubadilika. Ni kweli, lakini mazoea hayo yameacha alama katika fikira. Mlengwa hatafuti, hutafutwa. Hauulizi uongozi, huulizwa na uongozi. Asipofikiwa, kosa huwa la shabaha au la upepo, na hakuna akumbukaye kwamba alikuwa na miguu na kinywa, na kwamba angalikuja mwenyewe laiti angaliambiwa aje wapi na lini.

Uhawilishaji fedha ni neno la namna nyingine. Mtu wa Unguja au Mombasa aijuaye hawala, ile njia ya kupeleka fedha waliyoizoea wafanyabiashara wa pwani, aweza kulikisia. Mwanamke wa Kayenze hana hawala katika maisha yake. Ana kupewa, kutumiwa, kukopeshwa na kudaiwa, na maneno hayo manne yamtosha kueleza kila safari ya shilingi. Istilahi ina kazi yake katika mkataba na katika daftari la mhasibu. Huko na ikae kwa heshima. Lakini ikipandishwa jukwaani mbele ya watu wenye njaa, huacha kuwa istilahi ikawa pazia.

Neno kaya laonekana kuwa jema kuliko yote, kwa kuwa Wasukuma wanalo neno hilohilo, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Neno geni humfanya mtu aulize. Neno alijualo kwa maana nyingine humfanya aitikie. Kaya ya Kisukuma ni mji mzima wa mtu: nyumba yake, nyumba za wake zake na za wanawe waliooa, zizi la ng'ombe, na boma la minyaa lililovizunguka vyote. Kaya ya dodoso ni watu wanaokula chungu kimoja. Achukuliwe mama mzee aliyefiwa na mume, mwenye kibanda pembeni mwa mji wa mwanawe, ambamo huwapikia wajukuu watatu walioachwa na binti yake marehemu. Akiulizwa ni wa kaya ya nani, atajibu kwa adabu na kwa ukweli kwamba ni wa kaya ya mwanawe. Kwa lugha yake hakukosea hata herufi moja. Kwa lugha ya dodoso amejifuta: ameingizwa katika mji wenye ng'ombe na paa la bati, na mashine itakayoupima umaskini wa mji ule haitakiona chungu chake kidogo. Pangetosha hapo swali moja la nyongeza, nani apika na nani ala naye. Lakini pangehitajika pia muulizaji ajuaye kwa nini auliza. Kisha, siku mama huyo atakapolalamika, ataambiwa kwamba alikuwa na uelewa mdogo.

La karibuni zaidi ni kuhitimu, linalotumiwa kwa kaya zinazotolewa katika Mpango kwa kuwa hali yake imehesabiwa kuwa nafuu. Asili yake katika Kiswahili ni chuoni: mtoto alihitimu alipoimaliza Kurani, juzuu thelathini, yeye mwenyewe akijua kwamba ameimaliza na mwalimu wake akishuhudia. Mwenye kuhitimu umaskini amemaliza juzuu ipi? Shina la neno hilo ndilo lililozaa hitima, kisomo cha kumwombea marehemu, na katika mwaka ambao vuli imekosa watakuwapo wacheshi wa kusema kwamba maana hiyo ya pili ndiyo iliyo karibu zaidi. Mzaha huo usitiwe chumvi, maana zipo kaya ambazo kwa hakika zimeinuka, zikaezeka, zikanunua mbuzi na cherehani. Lakini aliyeinuka na aliyeondolewa hawalingani hata kidogo, na neno lililowafunika wote wawili kwa joho moja la mahafali si neno la kweli.

Walakini haifai kuyatupia maneno lawama zote, kwa sababu maneno husemwa na watu, mahali fulani, kwa wakati fulani. Utaratibu wa kuwachagua wapokeaji huanza na mkutano wa kijiji au wa mtaa, ambao huwataja walio maskini zaidi. Kisha dodoso hujazwa nyumbani kwao. Kisha majibu hupimwa kwa kompyuta. Umesifiwa, na kwa haki, kwa kuwa waanza na macho ya majirani. Lakini macho ya majirani humwona aliyepo, na mwambao wa ziwa una watu wengi ambao kuwapo kwao hufuata mambo yasiyojulikana ofisini.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hupumzika. Kwa hiyo kambi za visiwani hujaa na kupungua kwa kuufuata mwezi. Pamoja na wavuvi huja waanikaji, wapishi, wachota maji na wachuuzi wa maandazi, na miongoni mwao wamo wanawake wengi wasio na shamba wala ng'ombe, watu ambao Mpango uliwakusudia hasa. Afisa wa wilaya ana kalenda ya ukutani. Kambi ina kalenda ya mbinguni. Mkutano wa kijiji cha nyumbani ukiitishwa katika siku za giza, watu hao wako kambini. Mkutano wa kambini ukiitishwa katika siku za mbalamwezi, wamerudi nyumbani. Kote kuwili hawakuonekana, na kote kuwili itaandikwa kwamba hawakujitokeza. Mjini ni jambo jingine, lakini mwisho wake ni uleule. Mpangaji wa chumba kimoja juu ya mawe ya Igogo, aliyehama mara tatu katika miaka miwili kwa sababu ya kodi, hana jirani wa kumtaja. Anayetajwa ni yule aliyekaa.

Na ajaliwapo kutajwa, akapimwa, akakubaliwa, bado kuna simu. Malipo yameelekezwa zaidi na zaidi katika simu na benki, na faida yake haipingiki, kwa kuwa fedha isiyopita mikononi mwa watu haipungui njiani. Lakini tangu mwezi Januari 2020 laini za simu zisizosajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha Taifa zilianza kuzimwa. Ajuza ambaye mistari ya vidole vyake imelika kwa jembe na magamba ya samaki huwekea mashine kidole mara nne, mashine ikikataa mara nne. Mwishowe hutumia laini ya mjukuu, na siku ya malipo anayepata habari ni mjukuu. Labda ni mjukuu mwema.

Hapa yaweza kudhaniwa kwamba mambo haya ni magumu kwa asili yake, na kwamba nchi changa yenye visiwa na lugha nyingi haiwezi kufanya zaidi. Dhana hiyo ingekuwa na nguvu popote pale isipokuwa Mwanza. Maana ni Mwanza hapohapo palipowekwa, mwaka 1968, makao ya mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, ulioendeshwa na Serikali kwa msaada wa UNESCO katika mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, kama ulivyoitwa wakati ule mkoa ambao leo ni Kagera. Waliouandaa hawakwenda kwa mvuvi na kitabu cha mkulima. Palikuwa na vitabu vya kusomea vya pamba, vya uvuvi, vya migomba, vya ng'ombe, na vya kazi za nyumbani kwa akina mama. Mtu alijifunza herufi kutokana na maneno ambayo mikono yake ilikwisha kuyajua. Kutokana na kazi hiyo hiyo pakaja kutolewa Mwanza gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, kwa wale waliokuwa wametoka tu katika ujinga wa kusoma wakiwa hawana kitu cha kusoma. Wala usifikiriwe kuwa mradi ule ulikuwa mkamilifu. Ulikosolewa kwa gharama zake na kwa walimu wa kujitolea waliochoka. Lakini hakuna aliyeuanza kwa kuwalaumu wanafunzi.

Mwaka 1973 ikafuata kampeni ya Mtu ni Afya, iliyowafikia watu wapatao milioni mbili. Njia yake ilikuwa redio pamoja na kikundi: watu walikaa chini ya mti, wakasikiliza, wakasomewa kijitabu na mmoja wao aliyejua kusoma, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba choo. Mwaka 1975, baada ya ukame na upungufu wa chakula uliowalazimisha Watanzania kununua nafaka ng'ambo, ikaja kampeni nyingine kwa njia hiyohiyo. Jina lake lilikuwa Chakula ni Uhai. Msomaji na aliweke jina hilo kando ya uhawilishaji fedha, kisha aamue mwenyewe ni wakati gani Serikali ilikuwa ikisema na watu na ni wakati gani ilikuwa ikisema na wafadhili.

Na kabla ya hayo yote, Serikali hii ilipokuwa haijazaliwa, wakulima wa pamba wa Usukuma walitambua kwamba walikuwa wakipunjwa mizanini na wanunuzi. Hawakungoja kuelimishwa. Waliweka mizani yao ya kulinganishia, habari ikaenea kwa Kisukuma toka gulio hadi gulio, na katika mwaka 1955 vyama vyao vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria chini ya uongozi wa Paul Bomani, likawa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika katika Afrika nzima. Watu waliodaiwa kutojua kitu walijua ratili. Vivyo hivyo katika miaka ya 1980 sungusungu walipoenea, ng'ombe akiibwa usiku mwano ulipigwa, na kabla ya jogoo kuwika miji yote ilikuwa imesikia. Hakuna katika nchi ile upungufu wa njia za kupeleka habari. Upungufu uko katika habari ambazo mwenye nazo hataki sana zisikike.

Maneno haya ni mazito na yapaswa kuelezwa. Wapo wasemao kwa sauti ya chini jambo lisiloandikwa katika ripoti: kwamba fedha ni chache, na tangazo likisikika mno watakuja watu wengi mno. Kwa hoja hii ukimya si kosa bali ni chekeche. Yafaa kuijibu kwa heshima, kwa sababu ndiyo hoja pekee ya upande ule iliyo ya kweli. Fedha ni chache. Lakini chekeche hili huchekecha nini? Mwaka 2016 Serikali iliamuru orodha zihakikiwe upya, na makumi ya maelfu ya kaya yakaondolewa kwa kuwa hazikustahili. Ukimya haukuwazuia hao. Waliingia kwa sababu walikuwa karibu: na ofisi, na kamati, na jamaa mwenye kalamu. Habari ikiwa haba hufuata ujamaa na urafiki kama maji yafuatavyo mfereji, na yule asiye na jamaa mwenye kalamu ndiye yule aliye maskini zaidi. Kama watu mia wanastahili na fedha ni ya arobaini, na waje wote mia, waonane, na majirani waseme hadharani nani atangulie. Huo utakuwa mkutano mchungu wenye ugomvi. Ni bora kuliko orodha tulivu ambayo sitini kati yao hawakupata hata kujua kwamba ilikuwa ikiandikwa.

Na kwamba Serikali yaweza kusikika itakapo, hilo halihitaji ushahidi wa zamani. Mwanzoni mwa mwaka 2017, mvua zikiwa zimekosa sehemu nyingi na maneno ya njaa yakizagaa, Rais John Magufuli, mwenyewe mtu wa Chato katika mwambao wa ziwa hilihili, alitangaza akiwa ziarani katika mikoa ya Ziwa kwamba Serikali haitagawa chakula cha bure. Kwamba Serikali haina shamba, na kila mtu afanye kazi. Watu walitofautiana juu ya tamko hilo, na wenye kulitetea walikuwa wengi kuliko inavyokumbukwa sasa. Linalohusu hapa ni safari yake. Lilifika. Hakuna mkulima wa Kwimba aliyehitaji semina ili alielewe, wala hakutokea mtafiti wa kuandika kwamba wananchi walikuwa na uelewa mdogo juu yake. Lilisemwa kwa Kiswahili cha kila siku, kwa maneno machache, likabebwa na redio, na makondakta, na wauza mitumba, likageuzwa Kisukuma kando ya moto bila gharama yoyote. Hapana ya Serikali ilikwenda kwa miguu yake mpaka jikoni. Ndiyo ya Serikali, yenye bajeti na ofisi na magari, hubandikwa mlangoni mwa mtendaji wa kata.

Limebaki jambo ambalo wapenzi wa Kiswahili hawapendi kulisikia. Wako wazee wa kike katika Kwimba, Ukara na vijiji vya Wajita ambao Kiswahili chao ni cha salamu na cha soko. Redio nchini, kwa desturi na kwa kanuni, hutangaza kwa Kiswahili na Kiingereza, si kwa lugha za makabila. Nia ya jambo hilo ilikuwa umoja, na umoja huo ni hazina. Nchi jirani zimeulilia. Lakini lugha ya Taifa iliwekwa iwe njia ya kuwafikia watu wote, na pale ambapo haimfiki mtu, kushikilia ipite peke yake si kuitukuza. Aniceti Kitereza wa Ukerewe aliandika riwaya yake kubwa kwa Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945, na kwa miaka mingi haikupata mchapaji. Mwisho aliigeuza Kiswahili kwa mkono wake mwenyewe, ikatoka mwaka 1980. Mzee mmoja, mgonjwa na asiye na fedha, alikubali kufanya kazi ya lugha mbili ili asikike na Taifa. Serikali yenye wataalamu na mishahara haiwezi kufanya kazi hiyohiyo kwa upande wa pili, ili Taifa lisikike Ukerewe?

Wala vyuo vikuu visijifanye watazamaji. Walengwa, uhawilishaji na ndugu zao hawakuota wenyewe. Ni mazao ya mwendo uleule wa kukuza istilahi ambao umekuwa fahari ya wasomi wa Kiswahili tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa mwaka 1967. Katika sheria, sayansi na uhasibu kazi hiyo ilikuwa ya lazima na matunda yake yaonekana. Lakini msomi aliyefurahia kila neno jipya lililoingia katika kamusi hakuuliza litamwingiaje mtu sikioni, na mwanafunzi hutuzwa kwa kuitaja istilahi, hatuzwi kwa kuieleza kwa mama yake. Tasnifu ngapi juu ya Mpango huu zimeandikwa ambazo hazingeweza kusomwa na mtu mmoja kati ya waliohojiwa? Wahojiwa wa Sengerema na Misungwi wamegeuzwa majedwali, kisha majedwali yakageuzwa pendekezo kwamba elimu itolewe kwa wananchi.

Tangazo lenyewe si kitu kigumu kuandika. Lingeweza kuwa hivi: Serikali inatoa fedha za chakula kwa watu wasiojiweza. Si mkopo, hutadaiwa. Kama unapika chungu chako mwenyewe na hakikutoshi, jina lako liandikwe, hata kama unaishi katika mji wa mwanao. Wa kijijini waje mkutanoni siku ya mbalamwezi. Wa kambini watafuatwa kambini wakati wa giza. Mtu asikutoze kitu ili akuandike. Ukikataliwa, uliza sababu, nawe utajibiwa mbele ya watu. Ukitolewa, utaambiwa kwa nini kabla hujatolewa.

Hakuna humo istilahi hata moja. Mtu wa Ukara akiligeuza Kikara na mtu wa Ukerewe akiligeuza Kikerewe, laweza kusomwa kwa kipaza sauti mahali wanapokutana. Gulio la Bugolora lilikuwa siku ya Alhamisi. Nchi nzima ilipata kuijua siku hiyo tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere, kikiwa kimejaa watu waliotoka gulioni, kilipopinduka karibu na Bwisya na watu zaidi ya 200 wakafa. Tangu hapo hakuna ofisi iwezayo kusema kwamba haijui watu wa Ukara hukusanyika wapi.